MKOJO UNAUMA, KIPIMO KIKO SAFI: TUFANYE NINI?

Ndugu wafanyakazi wenzangu wa mashambani na viwandani,

Safari hii sitaandika juu ya mishahara wala juu ya mkataba wa hali bora. Nitaandika juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalo lakini hatulisemi, nalo ni mkojo. Najua wengine mtacheka. Chekeni tu, hata mimi nilikuwa nikicheka mpaka yaliponifika.

Mimi ni mratibu wa chama katika mashamba ya miwa, mashariki ya Uganda. Nilisoma mpaka darasa la saba, nikaingia shambani kukata miwa, na baadaye wenzangu wakanichagua. Mimi si daktari. Haya ninayoandika nimeyapata kwa njia mbili: kwa kuumwa mwenyewe, na kwa kuwauliza matabibu bila ya kuona haya.

YALIVYOANZA

Ilikuwa kiangazi cha Januari 2019. Wakati huo nilikuwa bado nakata miwa, na hapo hapo nilikuwa katibu wa tawi. Siku moja jioni, nilipotoka kwenye miwa iliyochomwa, nilikwenda haja ndogo nikahisi moto. Mkojo wenyewe ulikuwa kidogo, tena mzito kama chai ya rangi. Kesho yake ikawa vile vile. Baada ya wiki moja nilikuwa nakwenda chooni mara 14 kwa siku, na usiku naamka mara nne. Kila nikitoka nahisi kuna mwingine umebaki. Chini ya kitovu palikuwa pazito, kama mtu amenifunga mkanda kwa ndani.

Wazo la kwanza la mwanamume wa kambini ni kisonono. Nilimtazama mke wangu kwa jicho baya, naye akanitazama mimi. Hakuna aliyesema neno, lakini miezi miwili tulilala mgongo kwa mgongo.

Nikaenda duka la dawa kwa siri. Muuzaji hakunipima wala hakuniuliza mengi, akanipa vidonge. Nikapata nafuu siku tatu, moto ukarudi. Nikapewa vingine vikali zaidi. Mara ya tatu nikachomwa sindano siku tano mfululizo. Mbuzi wawili walikwenda katika dawa hizo.

Hatimaye nilikwenda zahanati ya shamba. Wakachovya kijiti cha karatasi ndani ya kikopo cha mkojo, wakakitazama, wakaniambia: "Mkojo safi. Rudi kazini." Nilirudi, nikakuta nyapara ameniandika mtoro.

Ndugu zangu, hapo ndipo ulipoanza ugonjwa wa pili, na ulikuwa mbaya kuliko wa kwanza. Ugonjwa huo ni hofu.

HOFU IKAWA KAZI YA PILI

Kama mkojo ni safi, kwa nini ninaumwa? Swali hilo lilinikosesha usingizi. Usiku nalala nikisikiliza kibofu kama mtu anayesikiliza mwizi. Asubuhi nautazama mkojo kwenye mwanga, natafuta povu, natafuta rangi. Mgongo ukiuma kidogo tu, nasema figo. Mguu ukifa ganzi, nasema saratani. Nilikwenda kliniki tatu za watu binafsi, na kila moja ilinipa jina lake la ugonjwa na bei yake. Nikaenda na kwa mganga. Yeye akasema nimeingia katika tego la mume wa mtu, nami simjui mke wa mtu yeyote! Akala jogoo wangu, moto ukabaki pale pale.

Kazi ilianza kuharibika. Kwenye mkutano na mwajiri natoka nje mara tatu. Safari ya basi naiogopa. Mwezi wa Mei mke wangu alisema, "Baba watoto, kama unakufa niambie. Kama hufi, basi rudi nyumbani, maana humu ndani hatukuoni tena." Neno hilo liliniuma kuliko mkojo.

MIWA YA NICARAGUA NA MIWA YETU

Katika semina moja ya chama tulielezwa habari za wakata miwa wa Amerika ya Kati. Huko El Salvador, mwaka 2002, madaktari walitoa taarifa juu ya wagonjwa wengi wa figo ambao hawakuwa na kisukari wala shinikizo la damu. Wengi walikuwa wanaume wa mashambani. Nchini Nicaragua, katika mji wa Chichigalpa wenye miwa mingi, maelfu waliugua na wengi wakafa wangali vijana. Wachunguzi hawajamaliza kubishana juu ya chanzo chake, lakini kazi nzito juani na mwili kukauka maji vimo katika mambo wanayoyataja kwanza.

Unaweza kufikiri nilitoka katika semina ile na hofu mara mbili. Ni kweli. Lakini kulikuwa na neno moja lililonishika. Wakata miwa wa Nicaragua wana jina la moto huu wa mkojo: wanauita chistata. Mtu hutoka shambani, mkojo wake ni kidogo tena mweusi, unachoma, na mgongo unauma. Akienda zahanati huambiwa ana vijidudu, akapewa dawa za kuua vijidudu. Lakini walipoupima mkojo wao kwa kuuotesha maabara, mara nyingi hakuna kijidudu kilichoota. Yaani moto ulikuwepo, lakini vijidudu havikuwepo.

Nilikaa kimya pale kwenye benchi. Miaka yote nilidhani ni mimi peke yangu duniani. Kumbe upande wa pili wa bahari kuna mtu mwenye panga kama langu, anayechomwa kama mimi, na kipimo chake kiko safi kama changu.

KUPIMWA KWA MPANGO

Baada ya semina nilikwenda hospitali moja, nikamkuta tabibu mmoja mama mtu mzima. Jambo la kwanza alilofanya ni kuniacha niseme mpaka mwisho. Halafu akapanga vipimo, kila kimoja na sababu yake. Alipima mkojo kwa darubini, na mwingine akaupeleka kuoteshwa. Alipima sukari, maana kisukari humfanya mtu akojoe sana na kuona kiu. Alipima damu kutazama kretinini, ambayo huonyesha kama figo zinafanya kazi. Akaniambia kwamba ugonjwa wa figo mara nyingi huja kimya, bila ya moto wala maumivu, kwa hiyo maumivu si kipimo chake. Kipimo chake ni damu. Alinipima virusi vya ukimwi na magonjwa ya zinaa, tena akaomba mke wangu naye apimwe. Akapima na tezi ya wanaume kwa kidole. Nilikunja uso, lakini dakika moja tu ikawa imekwisha.

Majibu yote yalikuwa salama. Nilijua ataniambia, "Huna kitu, nenda." Badala yake alisema hivi: "Baba, huna kisonono, huna kisukari, figo zako ni nzima. Lakini hukusema uongo. Unaumwa kweli."

Ndugu zangu, nililia kama mtoto.

MLINZI WA GODAUNI

Nilimwomba anieleze kwa maneno ya mtu wa darasa la saba. Maelezo yake nitayasema kwa mfano wangu mwenyewe.

Kibofu ni kama godauni. Mtu mzima kwa kawaida hukaa na mkojo hadi karibu nusu lita, na mishipa ya fahamu humpelekea ubongo habari kidogo kidogo: sasa robo, sasa nusu, sasa tafuta choo. Mlinzi wa godauni hiyo ni ubongo. Siku za kawaida mlinzi hasumbuki na panya. Lakini godauni ikishavunjwa mara moja, mlinzi huingiwa na hofu. Panya akipita anapiga filimbi, jani likianguka anapiga filimbi. Hana wazimu na wala hadanganyi, kwa sababu sauti ameisikia kweli. Tatizo ni kwamba masikio yake yamekuwa makubwa mno.

Kwangu mimi, mwizi wa kwanza alikuwa mwili kukauka juani na mkojo mkali. Baadaye hofu ikachukua zamu. Mtu mwenye hofu hukaza misuli bila kujua: mabega, taya, na ile misuli ya chini inayoshika mkojo. Misuli ikikazwa mchana na usiku huuma, na mkojo hautoki vizuri. Maumivu hayo huongeza hofu, na hofu hukaza misuli zaidi. Hivyo mtu huzunguka kama ng'ombe wa kinu.

Matabibu wanajua hali hii. Wako wanaume wengi wenye maumivu ya sehemu hizo ambao vijidudu havionekani kwao, na wako wanawake wengi wenye kibofu kinachouma bila ya vijidudu. Si aibu yako, na hukujitungia.

DAFTARI LA SIKU TATU

Tabibu yule alinipa kazi. Siku tatu niandike saa ninayokunywa, ninachokunywa, saa ninayokojoa, na kiasi gani kwa kikombe cha kupimia. Mimi ni katibu wa tawi, kuandika kumbukumbu ndiyo kazi yangu! Niliandika.

Daftari lilinifungua macho. Kwanza, tangu alfajiri mpaka saa nane mchana nilikuwa sinywi hata lita moja ya maji, na kazi yenyewe ni ya jua kali. Jioni nikawa nakunywa chai ya majani mengi vikombe vitano, na waragi juu yake. Chai kali, kahawa na pombe huwasha kibofu. Pili, mara nyingi nilikwenda chooni kabla ya haja, "kwa usalama", na kilichotoka hakikufika hata nusu kikombe. Nilikuwa nimekifundisha kibofu kulia kikiwa bado kitupu. Tatu, siku mbaya kuliko zote ilikuwa siku ya mazungumzo na mwajiri. Lakini Jumapili, nilipomsaidia shemeji yangu kufyatua matofali, nilisahau choo kwa saa tatu nzima. Kama lingekuwa jiwe ndani ya kibofu, lingejua Jumapili?

Nilifuata mambo haya, na wewe unaweza kuyafuata ukishapimwa:

1. Maji tangu asubuhi. Wakaguzi wa usalama kazini wa Marekani hushauri mtu wa kazi ya jua anywe karibu robo lita kila dakika 15 mpaka 20, kidogo kidogo, bila ya kuzidisha karibu lita 1.4 kwa saa. Mkojo ukiwa mweupe wa manjano hafifu, uko sawa. Ukiwa kama chai, mwili umekauka.

2. Kungoja kidogo. Haja ikija na unajua ulitoka sasa hivi, ngoja dakika tano, kesho kumi, halafu 15. Kaa chini, pumua polepole kwa tumbo, legeza taya na mabega. Mara nyingi haja hupita kama wimbi. Hii si ruhusa ya kujizuia kutwa nzima, maana huko nako ni kuumiza kibofu.

3. Chooni usisukume. Legea, uache utoke wenyewe.

4. Punguza chai kali na pombe. Kula mboga na matunda ili choo kikubwa kisiwe kigumu, maana kikijaa hukibana kibofu.

5. Usinywe dawa za vijidudu bila kipimo. Huzoeza vijidudu, na siku utakayoumwa kweli dawa haitafanya kazi. Sindano ya jentamaisini ikitumiwa ovyo huumiza figo. Hata dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni huumiza figo zikinywewa huku mwili umekauka.

6. Tabibu mmoja, daftari moja, tarehe moja. Mimi nilipewa miadi ya kila miezi mitatu. Hofu ikija usiku naiambia: "Ngoja tarehe yako." Naandika swali langu, nalala. Tena niliacha kuutazama mkojo kwenye mwanga kila asubuhi.

7. Mwambie mtu mmoja. Mimi nilimwambia mke wangu. Nilimwomba radhi kwa lile jicho baya, naye akaniomba radhi kwa lake. Usingizi wa kwanza mzuri ulikuwa usiku ule.

Sitawadanganya kwamba moto uliisha kabisa. Mpaka leo, wiki yenye mgogoro kazini, unakuja kunisalimu. Lakini nakwenda mara saba au nane kwa siku kama watu wengine, usiku mara moja au sikuamki kabisa, na basi napanda. Ninaishi nao kama jirani mwenye kelele. Sipigani naye wala simpi chakula.

LAKINI SI KILA KITU NI WASIWASI

Hapa nataka tusikilizane vizuri. Katika kambi yetu alikuwepo kijana aliyetoka upande wa Lango, kaskazini. Mkojo wake ulikuwa na damu mwishoni, matone machache. Alipokwenda kutibiwa aliambiwa, "Wewe una mawazo mengi, pumzika." Akanyamaza karibu mwaka mzima. Alipokuja kwetu tawini, tulimsindikiza hospitali ile ile ya kwangu. Wakamchukua mkojo saa sita mchana, kwa kuwa mayai ya kichocho cha mkojo huonekana zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Walikuta mayai. Nchini Uganda kichocho cha mkojo kimejulikana huko Lango, na hiki cha Ziwa Viktoria na mto Nile ni kile cha matumbo. Alipewa prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wake, akaimeza siku moja. Baadaye alirudi kupimwa, akawa safi. Kichocho cha mkojo kikiachwa miaka mingi huweza kuleta saratani ya kibofu. Kijana huyu hakuhitaji ushauri wa kupumua polepole. Alihitaji darubini na vidonge.

Kwa hiyo usikubali kuambiwa "ni mawazo" kabla hujapimwa. Tena nenda hospitali haraka ukiona moja ya haya: damu katika mkojo, hata mara moja, homa na kutetemeka pamoja na maumivu ya mgongo ubavuni, mkojo kugoma kabisa kutoka, usaha, kukonda bila sababu, kiu kubwa na mkojo mwingi, uso au miguu kuvimba, miguu kulegea au ganzi katikati ya mapaja. Mama mjamzito anayechomwa mkojo asingoje hata siku moja. Mzee ambaye mkojo wake umekuwa wa matone apimwe tezi.

Mficha maradhi kilio kitamfichua. Lakini ukishapimwa yote na ukawa salama, kuendelea kujipima kila wiki nako ni maradhi.

KAZI YA CHAMA

Ndugu, kuna sehemu ambayo mtu mmoja na daftari lake hawaiwezi. Dada zetu wanaopalilia na kupanda miwa hutoka nyumbani alfajiri, na shambani hakuna choo. Wanafanya nini? Hawanywi maji, na mkojo wanauzuia mpaka jioni. Mwanamke kwa maumbile yake hupata vijidudu vya mkojo upesi kuliko mwanamume, sasa na hilo tena juu yake! Halafu akiumwa anaambiwa hana usafi. Huo si uchafu wake. Ni choo ambacho hakikujengwa.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri aweke maji safi ya kunywa na vyoo. Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo inampa mgonjwa mshahara kamili katika mwezi wa kwanza wa ugonjwa, kwa hiyo mgonjwa mwenye cheti si mtoro. Mkataba namba 184 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2001, unahusu usalama na afya katika kilimo. Viongozi wa matawi, someni karatasi hizo na mwende nazo mezani.

Mwajiri akisema maji na mapumziko vitapunguza kazi, mwambieni habari za El Salvador. Katika msimu wa mavuno wa 2014/2015 wakata miwa wa huko walipewa mifuko ya maji ya kubeba mgongoni, mahema ya kivuli yanayohamishwa, mapumziko kwa saa, na panga lililoboreshwa. Kazi ya mtu mmoja ilipanda kutoka tani 5.1 hadi tani 7.3 kwa siku. Maji hayakumla mwajiri hasara.

Na sisi viongozi tuwe na adabu ya siri. Mfanyakazi akikuita pembeni kusema habari za mkojo wake, usicheke, usimtangaze, usimpe jina la ugonjwa. Msindikize kwa tabibu. Akirudi na majibu salama na bado anaumwa, usimwambie hana kitu. Mwambie: "Ndugu, una maumivu, lakini huna kifo. Tukae."

Mimi niliambiwa hivyo na mama mmoja mwenye darubini, na nikarudi nyumbani kwangu. Na wewe unayesoma haya usiku huku ukisikiliza kibofu chako, nakuambia hivyo hivyo. Kesho nenda kapime. Ukishapima, rudi kwa watu wako.

Umoja ni nguvu, hata katika mambo ya chooni.

Wenu katika kazi,
Katibu wa zamani wa tawi, mashamba ya miwa